Bega Lipi Lina Joto Zaidi

Kazini walimwita Bwana Joto, na wala hakuwa mtu wa hasira. Jina alilipata kwa sababu moja tu: hakuna binadamu aliyewahi kuulizia joto kama yeye. Ukilala kwenye mashine yake atakuuliza joto. Ukikutana naye kantini umeshika kikombe cha chai, atakuuliza kama si ya moto mno. Nyumbani hakuna aliyethubutu kuacha sufuria jikoni bila mtu, maana angehutubiwa mpaka chakula kipoe. Mkewe alikuwa akisema angejua mapema angeolewa na kipimajoto chenyewe, angalau kile kinakaa kimya ukikirudisha kwenye kasha.

Mwache acheke. Mtu huchekwa kwa tabia yake mpaka siku tabia hiyo itakapookoa ngozi ya mtu, na hiyo siku ilikuja, tena ikaja kwa ngozi ya mama yake mkewe.

Kazi ya Bwana Joto ilikuwa kuendesha mashine kubwa ya sumaku iliyokuwa mwisho wa ukumbi wa chini wa hospitali, nyuma ya milango miwili mizito. Mashine za sumaku za kawaida umezisikia: mtu analazwa, anaingizwa ndani ya tundu, panagongwagongwa wee, anatolewa, picha zinatoka. Hii ilikuwa dada mkubwa wa hizo. Nguvu ya sumaku yake ilizizidi zile za kawaida mara kadhaa, na ilionyesha ubongo mpaka mikunjo ambayo madaktari wengine walikuwa wameiona vitabuni tu. Walioiona picha yake kwa mara ya kwanza walisema, “Lo!” kisha wakasogeza kiti karibu.

Lakini kizuri hakikosi ila. Picha hizo hutengenezwa kwa mawimbi ya redio, na mawimbi yakipita mwilini huacha joto. Sumaku ikizidi nguvu, mawimbi nayo huwa makali zaidi, tena hayatawanyiki sawasawa. Umewahi kupasha chakula kwenye maikrowevu ukakuta pembeni kinaunguza ulimi na katikati ni baridi? Basi ndiyo hivyo hivyo. Kichwa kizima kinaweza kuwa salama salimini, halafu pakawa na mahali pamoja, padogo kama punje ya harage, panapopata joto kupita kwingine kote. Na ubaya wa nyama ya ubongo ni kwamba haina habari. Ngozi ikiungua hulalamika. Ubongo wenyewe ukipata moto hausemi kitu.

Ndiyo maana pale kitengoni kulikuwa na Shemeji. Shemeji hakuwa mtu, alikuwa kichwa na mabega ya plastiki, ndani amejazwa uji mzito wa maji, chumvi na kitu cha kugandisha, uliopikwa kwa vipimo ili mawimbi yaukute kama yanavyoikuta nyama. Katikati ya uji huo zilipita nyuzi nyembamba za kusoma joto. Kila aina mpya ya picha, Shemeji aliingia kwanza. Waliompa jina hilo walikuwa na sababu zao: analala kutwa, hasemi, hasaidii kazi yoyote, na kila kitu anaanza kupewa yeye.

Aliyempika Shemeji na kumhesabia joto lake alikuwa mwanafizikia wa kitengo, mama mmoja mwembamba, mcheshi, ambaye kila daktari mwenye haraka alimjibu kwa neno moja: “Tupime.” Wakamwita Mama Tupime. Madaktari walimnung'unikia, lakini siku wakiwaleta ndugu zao wenyewe kupigwa picha, walimtafuta yeye huyo huyo na kumuuliza, “Umeshapima, siyo?”

Yeye na Bwana Joto waliivana kama chungu na mfuniko. Walikubaliana, kwa mfano, kwamba mgonjwa asiulizwe uzito wake. Mashine hutumia uzito kukadiria joto, na watu, Mungu awasamehe, hudanganya uzito. Wanene hupunguza, wembamba huongeza, na wapo wanaotaja uzito wa siku ya harusi yao. Kwa hiyo mizani ilikaa mlangoni, na kila mtu alipanda, hata awe mkurugenzi.

Kazi ngumu ilikuwa ile ya kusema. Mgonjwa anayeingia kwenye mashine hushikishwa kimpira: akihisi joto au maumivu akibonyeze, kengele ilie, kazi isimame. Kwa waliotengeneza mashine hilo ni jambo rahisi. Hawakutujua sisi. Sisi ukituuliza “Hujambo?” tunajibu “Sijambo” hata mguu ukiwa umevunjika. Habari za humo? Nzuri. Nzuri, ila... na hiyo ila ndiyo yenye mambo yote, nayo haitoki mpaka mmekaa, mmeulizana habari za watoto na za majirani. Ndani ya lile tundu hakuna nafasi ya kukaa.

Kuna mzee mmoja, seremala mstaafu, aliyejikaza kisabuni mpaka picha zote zikaisha. Kila alipoulizwa hali alisema ni njema. Alipotolewa, jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kwenye mto, sikio moja jekundu, na alichosema ni, “Mashine yenu ina nguvu kweli, hongereni.” Sikio lilipoa, mzee akaenda zake akitembea vizuri. Lakini Bwana Joto hakula siku hiyo. Tangu hapo aliacha kabisa kuwauliza watu hali zao. Alikuwa akishika kipaza sauti anauliza, “Sikio lipi lina joto zaidi, la kulia au la kushoto? Bega lipi? Mkono upi?” Swali la namna hiyo halijibiki kwa “nzuri.” Mtu inabidi aende mwilini mwake akaangalie, arudi na jibu. Mama Tupime alilipenda swali hilo kuliko vyombo vyake vyote, akaagiza kila anayekaa kwenye kile kiti aulize hivyo hivyo.

Sasa tuje kwa mama mkwe.

Alikuwa fundi cherehani, mjane, mtu wa maneno machache na mishono iliyonyooka. Aliwalea wanawe kwa sindano na hakuwahi kumwambia mtu kwamba amechoka. Alihamia kwa binti yake pale alipoanza kuganda. Ndivyo walivyokuwa wakiuita nyumbani ule ugonjwa, ingawa daktari aliuita kifafa. Mama alikuwa akizungumza, neno linakatika katikati, macho yanabaki wazi yakiangalia pasipo kitu, midomo inatafuna hewa. Baada ya muda anarudi, anaendelea na habari pale alipodhani ameiachia, huku wote waliomo chumbani wameshika vifua.

Siku moja aliganda akiwa na pasi mkononi. Alipozinduka, mkono wake wa kushoto ulikuwa chini ya pasi. Na unajua alifanya nini? Alichomoa pasi, akamalizia kunyoosha lile gauni la mteja, akavaa blauzi ya mikono mirefu. Jua linawaka, watu wanajipepea, yeye na mikono yake mirefu. Binti yake aligundua kwa harufu ya mafuta ya kidonda.

“Mama, kwa nini hukusema?”

“Ningesema mngefanya nini? Si tayari pameshaungua?”

“Mficha maradhi, mama, kifo humuumbua!”

“Basi kiniumbue. Gauni lilikuwa la harusi, lingengoja?”

Binti alilia kwa hasira, akaenda kulilia bafuni ili mama yake asimwone, maana naye alikuwa mtoto wa mama yule yule.

Dawa zilijaribiwa, zikasaidia kidogo, kisha zikachoka. Daktari wa upasuaji wa ubongo alisema huenda kuna kovu dogo mahali fulani upande wa kulia, na likiondolewa mama anaweza kupona. Lakini mashine ya kawaida haikuonyesha kitu. “Nisipoliona siwezi kulikata,” alisema. “Jaribuni ile kubwa.”

Ile kubwa! Bwana Joto aliposikia, alirudisha tonge kwenye sahani. Kwa kawaida pale kitengoni mtu hakumpiga picha ndugu yake. Mama mkwe aliambiwa hivyo, akaweka sindano chini. “Yaani nikavue nguo kwa watu nisiowajua, niingizwe kwenye bomba na watu nisiowajua? Thubutu! Mkwe wangu asipokuwepo pale kwenye kioo, mimi siingii.” Mkuu wa kitengo akakubali, kwa sharti kwamba Mama Tupime akae pembeni yake mwanzo hadi mwisho.

Usiku, mkewe akizima taa, Bwana Joto alisema, “Mama yako hatakibonyeza kile kimpira.”

“Nitamwambia.”

“Umeshamwambia mangapi?”

Wote wawili walikuwa wakiufikiria ule mkono chini ya pasi.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo Bwana Joto hakulisema. Miaka yote ya ndoa yake, alizungumza na mama mkwe kwa adabu ya kuinamisha macho. Walisalimiana vizuri, walipishana mlangoni vizuri, alimwachia kile kiti chenye mto. Mambo ya mwili hawakuyagusa hata kwa mbali. Mkwe ni mkwe, bwana.

Siku ikafika. Muuguzi alimchukua mama chumba cha kubadilishia nguo, akamuuliza maswali yote: saa, pete, hereni, vibanio, meno ya bandia, upasuaji wa zamani.

“Una chuma chochote mwilini, mama?”

“Chuma sina, mwanangu. Labda uzee.”

Muuguzi akacheka, akampa gauni la hospitali, na wakati mama akivua, akageuza uso ukutani, kwa heshima, kama ambavyo wewe na mimi tungefanya kwa mama wa umri ule. Mama akapanda mizani, akapita mlango wa kunusa chuma, mlango ukanyamaza.

Bwana Joto alimlaza mwenyewe. Akamwekea vizibo vya masikio, akamvisha kile kifaa kinachozunguka kichwa ambacho wao walikiita kofia, akaweka kitambaa kati ya mikono na mbavu ili ngozi isiguse ngozi, maana hapo nako joto hupenda kupita. Mama akanong'ona, “Nifunike vizuri, mwanangu. Mabega wazi mbele ya mkwe si jambo zuri.” Bwana Joto akavuta shuka mpaka kidevuni kwake, akampa kimpira, akatoka akishukuru kwamba hilo limepita.

Nyuma ya kioo, Mama Tupime alikuwa ameshaweka miwani. Picha za mwanzo zilikuwa fupi na laini. Ikafuata ya kati, yenye mngurumo. Namba za joto zilitembea kwenye skrini, zote chini ya mstari, zimetulia kabisa. Ikabaki ile ndefu, kali, ambayo ndiyo waliyoijia, ile yenye uwezo wa kuonyesha kovu.

Bwana Joto akashika kipaza sauti. Swali lake lilikuwa tayari mdomoni, lile alilowauliza mamia ya watu. Bega lipi. Halafu akamwona yule aliye ndani, nyayo zake mbili zikitokeza kwenye shuka, nyayo za mama mkwe. Amuulize mkwewe habari za mabega?

“Mama,” alisema, “hujambo humo?”

“Sijambo, mwanangu. Na ninyi hamjambo?”

“Hatujambo, mama.”

Akapeleka kidole kwenye kitufe.

“Umemuuliza nini?” Mama Tupime alisema, bila kugeuka.

“Si umesikia? Nimemuuliza, anasema hajambo.”

“Umemsalimia. Mimi sijasikia swali.”

Bwana Joto akaonyesha skrini kwa kidole. “Namba zote ziko chini.”

“Namba zangu zinamjua Shemeji, na zinajua uzito wa mama yako. Mengine hayo haziyajui. Uliza, baba. Ukitaka nitoke, nitatoka.”

Usitoke, alisema kwa mkono. Akabonyeza kipaza sauti tena, akafumba macho kama mtu anayeruka mfereji.

“Mama, samahani. Kati ya mabega yako, lipi lina joto zaidi?”

Kimya. Kimya kile ndicho alichokijua: mtu ameenda kuangalia.

“La kulia,” sauti ya mama ilisema.

“Limezidi sana?”

“Linachoma, mwanangu. Tangu ule mngurumo. Nikasema leo dawa imekubali.”

“Dawa gani, mama?”

“Plasta yangu.”

Walifika kwenye kile kitanda kabla mlango haujamaliza kufunguka, yeye, Mama Tupime na muuguzi nyuma yao. Wakakivuta nje, wakaondoa kofia, muuguzi akafunua shuka. Pale chini ya shingo, upande wa kulia, palikuwa na plasta ya maumivu, pana kama kiganja, na mgongo wake uling'aa kama karatasi ya peremende. Ilikuwa na utando wa alumini. Si chuma cha kuvutwa na sumaku, ndiyo maana mlango ulinyamaza. Lakini mawimbi ya redio yakikuta utando kama ule hayaulizi jina, yanaupasha.

Muuguzi akaibandua taratibu. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, mraba mzuri wenye pembe nne. Hakukuwa na lengelenge. Wakaweka kitambaa cha maji baridi, daktari akaitwa, akabonyeza, akatazama, akasema, “Wekundu tu. Utaisha huu,” na kweli ulianza kufifia wakiwa bado wamesimama.

Bega lilikuwa likimsumbua mama tangu enzi za cherehani. Hakusema, kwa sababu angesema binti yake angemkataza kushona. Plasta yenyewe ilikuwa ya aina ile inayopata joto kidogo ili kutuliza misuli. Imeandikwa hivyo kwenye pakiti. Kwa hiyo bega lilipoanza kuchoma, yeye alifurahi. “Siku zote inapasha vuguvugu tu,” aliwaeleza, amekaa ukingoni mwa kitanda na kitambaa begani. “Leo nikasema, ahaa, sasa ndiyo plasta.”

Mama Tupime alivua miwani. “Kikulacho ki nguoni mwako,” alisema, akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi, na haikujulikana machozi yale yalikuwa ya kicheko peke yake. Kisha akamgeukia Bwana Joto na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba ile picha ndefu isingeishia kwenye wekundu.

Hakuhitaji kuambiwa. Alikaa pale pale kwenye ngazi ndogo ya kupandia kitanda. Alikuwa na furaha ya mtu aliyevuta mtoto pembeni mwa barabara gari likapita, furaha inayotetemeka. Aliapa moyoni kwamba kuanzia leo hata malkia akiingia humu ataulizwa mabega yake.

“Kwa nini hukubonyeza, mama?” aliuliza.

Mama mkwe alirekebisha gauni la hospitali. “Nilikuona pale nyuma ya kioo, mwanangu, kwa kile kijikioo cha kwenye kofia. Umekunja uso, unafanya kazi ya watu. Nikasema mkwe wangu asije akaaibika mbele ya wenzake kwa sababu ya bega la kikongwe.”

Ebo! Kumbe ndiyo hivyo. Yeye amenyamaza ili asimvunjie heshima, na mwenzake amenyamaza ili asimvunjie kazi, na katikati ya adabu zao mbili bega linaungua.

“Mama,” alisema, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo alimtazama usoni moja kwa moja. “Ungeungua ndiyo ningeaibika. Ningeaibika mpaka kaburini. Ukiwa humo ndani mimi si mkwe.”

“Wewe ni nani?”

“Wananiita Bwana Joto.”

Mama alilionja lile jina kidogo, akacheka, na wote wakamfuata.

Walirudi ngozi ilipopona. Safari hii muuguzi hakugeuza uso, aliomba radhi na kumkagua mama kuanzia utosini mpaka unyayoni, na mama alimwambia akague na kwapani kama anaona vema. Binti aliletwa pia, akaketi kwenye benchi la ukumbini akitafuna kucha.

Mashine ilipoanza tu, kengele ililia. Bwana Joto aliruka mpaka kiti kikaanguka.

“Mama! Nini?”

“Pua inawasha.”

Wakasimamisha, wakamkuna pua, wakaanza upya. Kengele ikalia.

“Bega lipi, mama?”

“Mabega hayana neno. Soksi moja imeteleza.”

Ilipolia tena, kwa sababu mama alitaka kujua kama bado sana, Bwana Joto alimtazama Mama Tupime kwa wasiwasi, maana wagonjwa wengine walikuwa wakisubiri. “Mwache abonyeze,” Mama Tupime alisema, ametulia kama aliyeshiba. “Kimpira ni chake.” Na ile picha ndefu ilipokuwa ikienda, akiulizwa kila mara lipi, upi, wapi, mama alijibu kama karani: sikio la kushoto limezidi kidogo, mabega sawa kwa sawa, mkono baridi.

Kovu lilionekana. Daktari wa upasuaji aliwaonyesha kwa ncha ya kalamu, doa la kijivu dogo kuliko punje ya mchele, upande wa kulia pale pale alipokuwa akishuku. Binti aliuliza kama ndicho hicho tu kilichomtesa mama yake siku zote hizo, daktari akasema ndicho hicho, na binti akakitukana kile kidoa kwa maneno ambayo mama yake hakujua kama anayafahamu.

Asubuhi ya upasuaji walimweka mama kwenye chumba chenye mapazia. Nywele zake zilikuwa zimenyolewa upande mmoja. Binti alikuwa ametoka kutafuta ndara alizosahau kwenye gari, na ndani wakabaki wawili, mama mkwe na mkwe, kila mmoja akiangalia pazia lake.

“Mwanangu,” mama alisema.

“Naam, mama.”

“Ninaogopa.”

Bwana Joto hakuwahi kumsikia akilitamka neno hilo, wala hakudhani kuna siku angelisikia. Angeweza kusema usiogope, kila mtu angesema usiogope. Akavuta kiti.

“Unaogopa zaidi kulala au kuamka?”

Mama alienda kuangalia.

“Kuamka,” alisema. “Nikiamka nikawa siwajui.”

Akamshika mkono, ule wa kushoto, wenye alama ya pasi. “Nitakuwa hapo. Nitakuuliza.”

Saa za ukumbini sitakusimulia; aliyewahi kusubiri anazijua. Walipoitwa, mama alikuwa amelala amefungwa bendeji kubwa, uso umevimba, macho yamefumba. Binti alimwangukia mkono. “Mama, hujambo? Mama? Hujambo?” Midomo ya mama ilicheza kidogo. “Si... jambo,” ilisema, kwa mazoea, kama mtu anayeongea usingizini, na binti akazidi kulia, kwa maana jibu hilo halikumwambia kitu.

Bwana Joto akainama karibu na sikio lisilofungwa.

“Mama. Kichwa kinauma zaidi kulia au kushoto?”

Kimya. Muuguzi aliyekuwa akirekebisha mpira wa dripu akasimama naye kusikiliza. Kimya kikawa kirefu, na Bwana Joto akakingoja, maana ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote.

“Kulia,” mama alisema. Akameza mate. “Na midomo imekauka. Na hili shuka linakwaruza, sijui nani amelipindia upindo namna hii.” Jicho moja likafunguka kidogo, likazunguka, likamkuta. “Na wewe, Bwana Joto, mwambie mkeo aache kunilalia mkono. Ananiumiza.”

Binti akainuka haraka, akicheka na kulia kwa pamoja, kamasi mpaka kidevuni. Muuguzi akasema mgonjwa asisumbuliwe na maswali. Bwana Joto hakumsikia. Alikuwa ameshavuta kiti, amekaa, ameinamisha kichwa karibu na mto.

“Endelea, mama,” alisema. “Na wapi tena?”